Mwandikie mbunge wako, si wa Dodoma

Mwezi Mei 2025 wabunge wa Tanzania hawakuzifurahia simu zao. Nambari zao zilikuwa zimesambazwa mitandaoni, na Wakenya, wengi wao vijana, wakazishambulia kwa jumbe kulalamikia yaliyowapata Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda jijini Dar es Salaam. Malalamiko yakafika hadi ndani ya Bunge kule Dodoma: wabunge walisema wanatukanwa na watu wa nchi jirani. Tarehe 28 mwezi huohuo, Rais William Ruto akasimama katika hafla ya maombi ya kitaifa jijini Nairobi na kuwaomba majirani wa Tanzania msamaha ikiwa tumewakosea.

Hebu tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Wanaharakati wawili waliokwenda kufuatilia kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani wa Tanzania, Tundu Lissu, wanakamatwa. Wanashikiliwa kwa siku kadhaa, kisha mmoja anaachwa Ukunda na mwingine Mutukula. Wanasimulia kwamba waliteswa na kudhalilishwa kingono. Na anayeomba radhi ni Kenya.

Hatuwalaumu waliotuma jumbe hizo. Hasira zao zilikuwa za haki, na kimya chao kingekuwa aibu. Walikosea anwani tu. Mbunge wa Songea hapigiwi kura Nakuru, na tusi la Mkenya humpa sifa nyumbani kwake: anasimama Bungeni na kujifanya mlinzi wa heshima ya taifa, wenzake wanapiga meza. Aliyestahili kukosa usingizi wiki ile ni mbunge wa Nakuru, wa Kisauni, wa Mumias. Simu yake ilikuwa kimya, isipokuwa kwa simu za kuomba mchango wa harusi.

Rai yetu ni fupi. Ukiudhiwa na yanayotendwa Tanzania au Uganda, chukua kalamu umwandikie mbunge wako mwenyewe, seneta wako na mwakilishi wako wa kike. Waandikie kwa jina, kwa tarehe, na uwaombe jambo moja wanaloweza kulifanya.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya ndani ya nchi nyingine. Tungewaelewa kama yangekuwa ya ndani kweli. Lakini mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Dkt Kizza Besigye, hakukamatwa Kampala. Alitekwa hapa Nairobi tarehe 16 Novemba 2024, alipokuja kuhudhuria uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, na siku nne baadaye akaonekana pamoja na Hajj Obeid Lutale mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye. Miezi minne kabla ya hapo, wafuasi 36 wa chama cha FDC cha Uganda walikamatwa Kisumu, wakavushwa mpaka na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi kwao. Januari 2025 Maria Sarungi Tsehai, Mtanzania aliyekimbilia kwetu, alinyakuliwa barabarani Nairobi. Methali ya mwenzako akinyolewa tumeikariri tangu darasa la pili. Safari hii wembe ulinolewa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo anayemwandikia mbunge wake kuhusu Besigye haombi Kenya iingilie ya Uganda. Anauliza ni nani aliyefungua mlango wa Kenya. Ni ndege gani au gari gani lililomtoa nchini? Alipitia kituo gani cha mpakani? Afisa gani aliyepokea pasipoti, au hakukuwa na pasipoti? Hayo ni maswali ya kawaida kabisa ya Bunge la Nairobi, na kama yangekuwa yameulizwa na wabunge 50 kwa wiki moja, jibu la serikali lingelazimika kuwa refu kuliko sentensi ya kujitoa lawamani.

Maria Sarungi aliachiliwa siku ileile, saa chache tu baada ya kutekwa. Kelele zilipigwa mapema, kwa jina lake, na watu waliojua pa kuzipigia. Wanaharakati wa Kenya Bob Njagi na Nicholas Oyoo walisubiri zaidi. Walichukuliwa na watu wenye silaha nchini Uganda tarehe 1 Oktoba 2025 baada ya kuhudhuria kampeni za mgombea wa upinzani Bobi Wine. Vyombo vya usalama vilikana kuwa nao, na mahakamani ombi la kutaka wafikishwe mbele ya jaji halikuzaa kitu. Siku 38 zikapita. Walipoachiliwa Busia, Rais Yoweri Museveni alijitokeza kwenye runinga na kukiri kwamba walikuwa wameshikiliwa na serikali yake, tena kwa mzaha wa kuwaweka kwenye friji. Akaongeza jambo ambalo kila Mkenya anapaswa kulishika: viongozi fulani wa Kenya walimpigia simu.

Basi simu hizo hupigwa, na zikipigwa hupokelewa. Sisi tunauliza kwa nini zilingoja zaidi ya mwezi mmoja, na tunajibu wenyewe: kwa sababu mwanasiasa hapigi simu ya namna hiyo mpaka kutoipiga kumgharimu. Gharama hiyo huwekwa na wapiga kura. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakaribia, na hakuna wakati ambapo mbunge husoma barua kwa makini kama huu.

Tukumbuke pia kwamba sisi wenyewe tuliandikiwa. Enzi za Nyayo House, wakati wahadhiri, wanafunzi na wanahabari walipokuwa wakisimamishwa kwenye maji katika vyumba vya chini vya jengo lile, watu wasiojua hata Kenya iko upande gani wa Afrika walikaa mezani huko Uingereza, Uholanzi na Norwei wakaandika. Utaratibu huo ulikuwa umeanza mwaka 1961, wakili Peter Benenson alipochapisha makala katika gazeti la The Observer la London kuhusu wafungwa waliosahauliwa, na Amnesty International ikazaliwa. Waliandika kwa Rais Moi, ndiyo, lakini waliandika pia kwa wabunge na mawaziri wa nchi zao. Hao ndio walioshika mfuko wa misaada.

Kisa cha Koigi wa Wamwere kinafaa kukumbukwa leo kuliko wakati mwingine wowote. Alikuwa akiishi Norwei kama mkimbizi. Oktoba 1990 serikali ya Kenya ilitangaza kumkamata Nairobi na kumshtaki kwa uhaini, kosa la kunyongwa. Mwenyewe alisisitiza kwamba alitekwa Uganda na kuletwa kwa nguvu. Ukibadilisha majina na kugeuza njia, ni safari ya Besigye. Norwei haikusema ni mambo ya ndani ya Kenya. Ililalamika, mpaka Kenya ikakasirika na kuvunja uhusiano wa kibalozi nayo mwezi huohuo. Januari 1993 mashtaka yaliondolewa na Koigi akatoka hai. Mwaka uliotangulia, Profesa Wangari Maathai aliposhtakiwa kwa kueneza uvumi, maseneta wanane wa Marekani, Al Gore na Edward Kennedy wakiwemo, waliitaka serikali ya Kenya ithibitishe mashtaka hayo ama uhusiano uharibike. Novemba 1992 mashtaka yakafutwa. Maseneta hawaamki asubuhi wakamkumbuka mwanamke wa Nyeri. Kuna watu huwakumbusha.

Na kuna walioandika wakiwa ndani. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa watu wake. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Tunaitaja barua hiyo ili tupime vizuri kinachoombwa kwetu: aliyeko ndani huandika na kulipa kwa roho yake. Aliyeko Eldoret hulipa nauli ya matatu hadi ofisi ya eneobunge.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wengi humtaja leo wanapotaka kunyamazisha wakosoaji wa jirani, hakuwa na subira na kisingizio cha mambo ya ndani. Mwaka 1975 wakuu wa Afrika walipokwenda Kampala kwa mkutano wa OAU, Amin akiwa mwenyeji, Tanzania ilisusia. Ilisema wazi kwamba Afrika haiwezi kulaani mauaji yanayofanywa na weupe kusini na kunyamazia yanayofanywa na weusi wenzao.

Tangu wakati huo sheria imebadilika, na imebadilika upande wetu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika Ibara ya 6(d) utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu kuwa misingi ya Jumuiya. Nchi iliyotia saini imekubali kuulizwa na wenzake. Mahakama ya Afrika Mashariki ilishasema hivyo. Tarehe 16 Novemba 2005 watu wenye silaha waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala baada ya washtakiwa 14 wa kesi ya uhaini kupewa dhamana, wakarudishwa rumande. Aliyeshtakiwa pia katika sakata hiyohiyo alikuwa Besigye. Miaka 19 baadaye, tarehe ileile, ndipo alipotekwa Nairobi. Hukumu ya Arusha ya Novemba 2007 ilisema kitendo kile kilivunja msingi wa utawala wa sheria, ingawa mahakama hiyo haijapewa rasmi mamlaka ya kusikiliza kesi za haki za binadamu. Itifaki ya kuipa mamlaka hayo bado wakuu wetu hawajaikamilisha. Hilo pia ni jambo la kumwandikia mbunge.

Sasa barua yenyewe. Tumezoea kuandika barua za kilio, kurasa tatu za uchungu ambazo katibu wa mbunge huzikunja kabla ya aya ya pili. Barua yenye uzito hukaa kwenye ukurasa mmoja. Mwanzoni sema wewe ni nani na unapiga kura katika wadi gani, maana hicho ndicho kitakachosomwa kwanza. Kisha taja mtu mmoja na tukio moja: alichukuliwa lini, wapi, nani alishuhudia, serikali imesema nini. Usiandike kwamba mamia wanateswa ikiwa hujui ni wangapi. Tia chumvi mara moja tu, na waziri atajibu ile chumvi na kuliacha suala lenyewe.

Halafu omba. Hapa ndipo barua nyingi hufia, kwa kuomba mbunge alaani. Kulaani ni rahisi. Hufanywa mazishini bila gharama. Mwombe adai taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni, kwani Kanuni za Bunge zinampa haki hiyo. Mwombe aulize swali kwa Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, mwenye wizara ya mashauri ya kigeni: ubalozi wetu ulimtembelea Mkenya huyo siku gani, na kama haukumtembelea, uliandika barua lini kuomba ruhusa? Mwombe awaandikie wabunge tisa wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Hao hukuwachagua wewe. Aliwapigia kura yeye, pale Nairobi, na ana haki ya kuwauliza wanafanya nini Arusha. Mwombe pia ashinikize Katibu Mkuu wa Jumuiya atumie Ibara ya 29 ya mkataba, inayomruhusu kuchunguza nchi mwanachama inayokiuka wajibu wake. Chagua moja kati ya hayo. Ukiomba yote, atachagua lililo rahisi.

Mwisho weka tarehe unayotarajia jibu, peleka nakala kwa Karani wa Bunge, na ubaki na yako yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ndio unaotofautisha barua na soga za WhatsApp. Mbunge anaweza kusema hakuona ujumbe wako kwenye kundi la wadi. Hawezi kusema hivyo kuhusu karatasi iliyopigwa muhuri na ofisi yake.

Mkiwa wengi, nendeni mbele zaidi. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka ya Bunge, na sheria ya mwaka 2012 imeeleza namna ya kuliandika. Huhitaji wakili. Kiswahili kinatosha, ni lugha rasmi ya Bunge. Ombi likipokelewa husomwa ukumbini na kupelekwa kwa kamati, na kamati ikikuita, utakaa meza moja na maafisa wa wizara wakijibu mbele yako. Anayetaka kwenda Mahakama ya Arusha naye asilale: mkataba unampa miezi miwili tu tangu tukio litokee au alijue. Wengi wamefika mlangoni wakiwa na kesi nzuri na kalenda mbaya.

Kuna tahadhari moja ambayo hatutaipitia haraka. Kabla ya kumtaja mfungwa, itafute familia yake au wakili wake. Kuna wakati mazungumzo ya kimyakimya yanaendelea na jina likitajwa mlango unafungwa. Kuna wakati mama wa mfungwa anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa balozi wa chama, na barua yako ya kijasiri kutoka Nairobi itamletea wageni usiku. Mwenye haki ya kuamua ni yule anayebeba hatari. Wakikuambia nyamaza, nyamaza, hata kama moyo unawaka. Wakikuambia sema, usipunguze sauti.

Majirani watatuuliza: na ninyi je? Wana haki ya kuuliza. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliorodhesha visa 82 vya utekaji kati ya Juni na Desemba 2024, na vijana waliouawa kwenye maandamano bado familia zao zinangoja haki. Mbunge atakayejibu kwamba Kenya haina mdomo wa kusema kuhusu wengine atakuwa amesema nusu ya ukweli. Mwandikie tena, aya ya pili ikiwa ya hao 82. Gari lisilo na nambari za usajili lililomchukua Mkenya kwa sababu ya katuni na lile lililomchukua Mganda kwa sababu ya siasa hupita barabara zilezile. Kituo cha polisi kinachokana kuwa na mmoja ndicho kitakachokana kuwa na mwingine.

Kisingizio kingine ni biashara. Uganda ni soko letu kubwa Afrika, na malori ya Namanga na Holili hayapiti kwa kutukanana. Hilo tunalijua. Lakini Julai 2025 Tanzania ilipowazuia wageni kufanya biashara 15 ndogondogo, kuanzia kutuma pesa kwa simu hadi saluni na ukarabati wa simu, Waziri wa Biashara Lee Kinyanjui alijitokeza haraka, akataja itifaki ya soko la pamoja, akasema wazi kwamba Kenya haikubaliani. Mpaka haukufungwa. Mabalozi hawakufukuzwa. Kumbe tunajua kumwambia jirani kwamba amevunja mkataba na bado tukanywa naye chai. Mkataba uliotetewa kwa ajili ya kinyozi wa Kikenya aliyeko Arusha una ibara nyingine kuhusu Mkenya aliyefungwa kitambaa machoni Dar es Salaam.

Tanzania imetoka kwenye uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, siku intaneti ilipozimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa na damu ikamwagika mitaani. Uganda nayo imetunga sheria mpya ya jeshi inayorudisha raia kwenye mahakama za kijeshi, miezi michache tu baada ya Mahakama ya Juu kulipiga marufuku jambo hilo Januari 31, 2025. Kazi ya kuandika ipo tele, na Bunge letu lina viti 349 vya kuandikiwa.

Mbunge atakayekujibu kwa barua ya mistari miwili, kwamba suala lako limepokelewa na linashughulikiwa, mjibu wiki hiyohiyo. Muulize linashughulikiwa na nani, ofisi gani, na faili ina nambari gani. Asipokuwa na nambari, chapisha barua zote mbili, yako na yake, kwenye ubao wa matangazo wa wadi.